Chumvi Niliyompa Kandida

Tarehe 27 Machi 1913

Sista Roswita mpendwa,

Jana machela yako ilipopotea nyuma ya matete, nilirudi bwenini nikafungua daftari uliloniachia. Ulisema niandike ili nisisahau herufi, na ili wewe huko Dar es Salaam, macho yako yakipata nafuu, ujue tulivyoishi msimu huu. Naahidi nitakuandikia yote, wala sitachagua yale yanayonipendeza tu. Nikiwa mvivu utasoma kwamba nilikuwa mvivu. Nikiwa mbaya utasoma ubaya wangu kwa mwandiko wangu mwenyewe.

28 Machi

Mvua tangu alfajiri. Hatukutoka.

31 Machi

Mwalimu Polikarpo amesema mbele ya wote kwamba mpaka utakaporudi, yeye ndiye mkuu wa shule na mimi ndiye mkubwa wa wasichana wadogo. Kisha akanipa ufunguo wa kabati la chumvi, kama ulivyoagiza. Nimeufunga shingoni pamoja na medali. Eufrasia aliuona akasema, "Haya, Bibi Kabati, sisi wengine tutakusalimia kwa magoti?" Nilicheka naye, lakini usiku huo niliushika ule ufunguo mpaka usingizi ukanichukua.

3 Aprili

Mto umepanda. Kule Michenga watu wanapita kwa mitumbwi pale ambapo mwezi uliopita tulipita kwa miguu. Mpunga wetu umesimama vizuri, haujazama.

7 Aprili

Mpunga umeanza kutia maziwa na ndege wamefika. Tumejenga madungu manne, vichanja virefu vya kukalia, na juu ya kila dungu nimewaweka wasichana wawili wenye teo na mabonge ya udongo. Kazi ya kuwaamia na kuwafukuza inaanza kabla ya jua na kuisha ndege wakienda kulala.

Nafuata kanuni yako. Aliyeamia vizuri anapata chumvi kiganjani jioni. Aliyesinzia anakaa akitazama ukuta wenzake wanapokula, na ugali wake hauna mboga. Nyumbani kwetu tumezoea chumvi ya majivu: tunachoma majani ya bondeni, tunachuja majivu, tunachemsha, na mwishowe tunapata kitu cha kijivu chenye uchungu. Ndiyo maana chumvi yako nyeupe inawafanya watoto wafumbe macho wanapoilamba.

9 Aprili

Nimegundua jambo. Nikipita shambani, wote wanapiga kelele hata koo zinakauka. Nikiondoka, kimya. Leo nilijificha kwenye matete nikaona kwelea wametua kama wingu na watoto wangu wanasukana nywele.

Nilimweleza Eufrasia. Alicheka hata akakaa chini. "Wanakuamia wewe, Theodosia. Ndege wenyewe hawana ufunguo."

12 Aprili

Leo nataka kukuandikia habari za Kandida.

Unamjua, ni yule mdogo asiyesema. Unajua pia kwamba baada ya vita, wakati wa njaa, mzee Hilari alimkuta akiwa mtoto mchanga katika nyumba ambamo mama yake alikuwa amekwisha kufa. Alimbeba akamlea peke yake mpaka misheni ilipofunguliwa, ndipo akatuletea, kwa sababu alisema mtoto wa kike anahitaji wanawake. Shamba la Babu Hilari linapakana na letu. Kila siku huja mpakani na samaki wa kuchoma aliyefungwa kwenye jani, humpa Kandida, kisha hurudi kazini. Hawaongei. Mzee naye si msemaji.

Sasa, Kandida juu ya dungu hana faida, maana hapigi kelele. Asubuhi hii kundi la kwelea lilipomjia alishtuka, akafungua mdomo, ikatoka sauti ndogo kama ya kitanda kinacholia. Nilikuwa na punje za chumvi kwenye pindo la nguo. Nilipanda dungu mbio nikamtia kiganjani pale pale, sikungoja jioni. Alinitazama. Akalamba. Baada ya muda akafungua mdomo tena, ingawa ndege hawakuwepo, na sauti ikatoka, na nikampa.

14 Aprili

Sauti ile sasa haimpatii kitu. Nangoja mpaka iwe kubwa zaidi.

15 Aprili

Kasema "Hoo!" Nikampa.

18 Aprili

Kandida kasema "Ndege." Sista, nililia juu ya dungu. Miaka yote hii watu walisema amelogwa au ana ulimi mzito, kumbe alikuwa anangoja mtu wa kumlipa! Jioni nilimleta mbele ya Mwalimu Polikarpo, nikashika chumvi, nikasema, "Kandida, hawa ni nini?" Akasema, "Ndege." Mwalimu alishika kichwa chake kwa mikono miwili.

20 Aprili, Jumapili

Mwalimu alinitaja kanisani. Alisema Mungu amefungua mdomo wa bubu kwa mkono wa msichana. Nilitazama chini, lakini masikio yangu yalikuwa wazi kabisa. Kandida ananiita Dada Theo.

24 Aprili

Sasa anasema maneno matatu, manne pamoja. Kila jioni namuuliza, "Leo umeona nini ukiwa juu?" Juu ya dungu mtoto anaona kila kitu, hadi njia ya Kivukoni. Jibu fupi nampa punje. Jibu refu nampa zaidi.

27 Aprili, Jumapili

Kandida alisema ameona mama mmoja, jirani, anachuja pombe wakati wa Misa. Nilimwambia Mwalimu kwa sababu lilinichekesha. Yeye hakucheka. Alienda, akaikuta pombe, na yule mama ameambiwa abebe matofali ya kanisa wiki nzima.

"Umefanya vema, binti," Mwalimu aliniambia. "Wakristo wetu ni wapya, mmoja mmoja wanarudi nyuma gizani. Mimi sina macho mengi. Uwe unaniambia." Akanihamishia kiti cha mbele, karibu na harmoni yako.

3 Mei

Leo Kandida kaona chui. Jana aliona kiboko amembeba mtoto wake mgongoni, akivuka barabara. Chui najua si kweli, maana mbuzi wote walikuwa wanakula majani kwa utulivu. Lakini alisimulia vizuri sana, akionyesha mkia kwa mkono, na nilicheka, nikampa.

Eufrasia alikuwa anatwanga karibu. "Umemfanya kuku huyo mtoto," alisema. "Atadonoa popote unapomwaga."

"Una wivu," nikamwambia.

"Wivu wa nini? Mimi nasema bure."

6 Mei

Mvua imepungua. Nguruwe wameingia mashamba ya upande wa mto. Kandida amesema, "Babu Hilari anamwagia mpunga maji." Nilimuuliza maji gani. Akasema ya kibuyu, na majani ndani, anatembea pembe zote za shamba anarusha kwa ufagio.

Nilishtuka nikashika mdomo. Wewe Sista hukuwepo wakati wa vita, lakini hapa kwetu mtu akisema maji ndani ya kibuyu hasemi maji ya kunywa. Wanaume walipewa maji yale wakaambiwa risasi za Wadachi hazitawapata, wakaenda, wakaisha. Baba yangu alikuwa mmoja wao. Neno hilo halisemwi ovyo mbele ya watoto. Kandida aliona nilivyoshtuka. Nilimpa bonge zima la chumvi bila kufikiri.

7 Mei

Kandida amesema watu walikuja kwa Babu Hilari wakanywa yale maji. Nikamuuliza, "Wangapi?" Akasema wengi. Nikauliza, "Wanaume?" Akasema wanaume.

8 Mei

Nilimuuliza, "Na risasi? Babu alisema chochote juu ya risasi?" Kandida alinitazama, akatazama pindo la nguo yangu. Akasema, "Alisema risasi." "Zitageuka maji?" "Zitageuka maji."

Nimeogopa. Nimempa chumvi nikamwambia asimwambie mtu mwingine.

11 Mei, Pentekoste

Nimemwambia Mwalimu Polikarpo. "Kaka yangu walimuua mlangoni kwa mama yetu," alisema, "kwa sababu alikuwa amebatizwa. Waliokuja nilikuwa nawajua kwa majina. Walikuwa wamerushiwa maji asubuhi ile." Kisha akavaa viatu akaenda kwa akida wa serikali.

Sikulala vizuri, lakini nilijiona nimefanya kazi ya mtu mzima.

14 Mei

Akida ameniletea kanga mpya kwa mkono wa Mwalimu. Mwalimu anasema ataandika nipelekwe shule ya ualimu pwani, mimi, msichana wa kwanza kutoka bondeni huku. Nilirudia maneno hayo moyoni siku nzima. Msichana wa kwanza kutoka bondeni.

15 Mei

Nimevaa kanga. Babu Hilari alinikuta mpakani. Nikasema, "Shikamoo Babu." Akasema, "Marahaba, mjukuu wangu. Umependeza." Akampa Kandida samaki.

19 Mei

Askari walimchukua Babu Hilari leo asubuhi akiwa anavuna. Alikuwa na kisu kidogo mkononi, anakata masuke moja moja kama wafanyavyo wazee. Waliponyakua kisu alidhani wanataka mpunga, akawaonyesha kapu lake.

21 Mei

Tuliamriwa wote kwenda barazani, watoto wa shule pia, ili tujifunze. Mwalimu alitupanga kwa mistari. Kandida alisimama mbele yangu.

Nisingeandika habari ya kiboko cha askari, ila niliahidi kuandika yote. Walimlaza juu ya gogo. Akida alikaa kitini, karani wake pembeni. Akida wetu ni mtu wa pwani, anasema Kiswahili kizuri kuliko sisi sote, na alimuuliza kwa upole.

"Mzee, una maji au huna?"

"Nina maji ya mpunga, bwana. Ya kufukuza nguruwe. Baba yangu alifanya hivyo, na babu yangu."

Askari akapiga. Akida akauliza tena, na Babu akajibu vile vile, na askari akapiga. Ikawa hivyo mara nyingi. Jibu likaanza kupungua. Kwanza aliacha kumtaja babu yake. Kisha akaacha kumtaja baba yake. Kisha akaacha nguruwe. Mwishowe akida akauliza, "Una maji?" naye akasema, "Ninayo." Na kiboko kikasimama.

"Uliwapa watu wakanywa?"

Askari akainua mkono.

"Niliwapa."

"Uliwaambia risasi za serikali zitageuka maji?"

"Ndiyo bwana. Niliwaambia."

Nilisikia maneno yangu yakitoka katika kinywa chake. Si maneno ya Kandida, Sista. Yalikuwa yangu. Mimi ndiye niliyemuuliza mtoto juu ya risasi, na mimi ndiye niliyemwambia zitageuka nini. Nilisimama pale katika mstari na kanga yangu, na nikaelewa kitu kilichofanyika kwenye gogo, kwa sababu nilikuwa nimekifanya juu ya dungu. Unangoja jibu unalolitaka. Likija dogo unangoja kubwa zaidi. Likija kubwa, unaacha kumpiga au unampa chumvi, na yeye anajua sasa ni lipi.

Akida akamwambia awataje waliokunywa. Babu Hilari alifumba macho akaanza kutaja, taratibu, na karani akaandika. Jina la kwanza liliposikika mama mmoja nyuma yangu alivuta pumzi. La pili, la tatu, watu wote wakawa kimya kabisa. Alikuwa anawataja marehemu. Aliwataja watu waliokufa vitani na waliokufa kwa njaa, hakumtaja hata mmoja aliye hai. Alimtaja baba yangu. Sote tulijua, wakubwa na watoto, na hakuna aliyefungua mdomo. Akida hakujua. Alisema, "Vizuri, mzee. Ungesema hivi mapema usingeumia."

Jina la mwisho lilikuwa la mama yake Kandida.

22 Mei

Nimeshindwa kula. Mpunga wa misheni umekwisha kuvunwa nusu.

23 Mei

Nilimwambia Mwalimu Polikarpo: "Mwalimu, mtoto alisema uongo, na ni mimi niliyemfundisha."

Alikuwa anachonga kalamu. "Mzee amekiri," alisema.

"Alikiri kwa kupigwa."

"Theodosia, nimekwisha kwenda kwa akida. Nimekwisha kusema. Unajua maana yake mtu wa misheni akisema kitu kwa akida halafu arudi akaseme si hivyo?" Akaniangalia kama anayeniomba. "Na barua yako ya kwenda shule nimeianza. Inabaki jina tu."

Sikuondoka mara moja. Hilo ndilo linalonitia aibu kuliko mengine. Nilisimama pale nikiifikiria ile barua. Nilijisemea, labda Babu alikuwa na maji kweli, nani ajuaye, wazee wana mambo mengi. Nilijisemea hivyo kwa muda wa mtu kuchonga kalamu moja mpaka mwisho. Kisha nikatoka.

24 Mei

Nilijaribu kupata ukweli kwa Kandida. Nilimkalisha kwangu, nikamwambia nitampa bonge kubwa akisema kweli tupu. "Babu aliwapa watu maji?"

"Ndiyo, Dada Theo."

"Sema kweli. Hakuwapa?"

"Hakuwapa, Dada Theo."

"Lipi ndilo kweli?"

Alinyosha kiganja chake. Hakuwa ananidhihaki. Alikuwa anangoja nimwambie lipi lina chumvi.

Nikaficha chumvi, nikamkemea, nikamwambia akae akitazama ukuta. Alikaa muda mrefu. Nilipomuuliza tena alinipa majibu yote mawili kwa pamoja.

Eufrasia alinikuta nalia nyuma ya jiko. Nilidhani atanicheka. "Nenda kwa akida mwenyewe," alisema. "Mwalimu ana hofu yake. Wewe hofu yako ni ya nini? Kiti cha mbele?"

26 Mei

Nimekwenda. Nilimshika Kandida mkono, tukapita Lipangalala mpaka kwa akida. Nilikuwa nimeikunja ile kanga, nikaiweka mbele ya mkeka wake.

"Shikamoo bwana."

"Marahaba. Kanga imekubana?"

"Bwana, mzee Hilari hakufanya kitu. Mtoto alidanganya. Mimi nilimfundisha."

"Kwa fimbo?"

"Kwa chumvi."

Alimgeukia karani wake. "Umesikia? Kwa chumvi! Wadachi wanatuletea bunduki na huku wana watoto wenye chumvi." Walicheka wote wawili, si kwa ubaya. Kisha akamwita Kandida asogee. "Mwanangu, usiogope. Babu aliwapa watu maji wanywe?"

Kandida alitazama mkono wangu. Sikuwa na kitu, Sista. Niliuweka mkono nyuma ya mgongo. Akainama pembeni, akachungulia nyuma yangu kuona kama kipo.

"Ndiyo," alisema. Akanitazama usoni. Sijui uso wangu ulikuwaje. "Hapana," alisema. Akanitazama tena. "Ndiyo?"

Akida aliacha kucheka. "Unaona, binti. Huyu leo anasema unachotaka leo, juzi alisema ulichotaka juzi. Nishike lipi? Mimi nashika la mzee, maana yeye ni mtu mzima na amekiri kwa kinywa chake. Au naye nilimpa chumvi?"

"Ulimpa kiboko, bwana," nilisema.

Karani aliinua kichwa. Akida akasema polepole, "Nikimwandikia Bwana wa boma kwamba habari ilikuwa uongo, atauliza nani aliileta. Nitamtaja Mwalimu Polikarpo. Mwalimu atalala juu ya gogo lile lile. Unataka hivyo? Sema, na karani ataandika sasa hivi."

Ningeweza kusema, "Nitaje mimi." Nimelifikiria neno hilo njia nzima ya kurudi, lilikuwa fupi na jepesi. Pale mbele yake halikunijia. Nilisema, "Nisamehe, bwana." Akanirudishia kanga kwa mguu wake.

27 Mei

Wamemvusha Babu Hilari asubuhi. Nilikwenda Kivukoni nikasimama mbali. Mto bado mpana, maji mekundu. Alikuwa na mnyororo shingoni pamoja na wengine watatu nisiowajua, na kwa kuwa mgongo wake haukupona alikaa mtumbwini ameinama mbele. Njia ya kupanda kwenda bomani ni ndefu hata kwa mtu mzima wa afya. Watu wanasema Bwana wa boma yuko safarini, na kesi zitangoja mpaka arudi. Wengine wanasema waliokiri maji hawangojeshwi.

Aliniona. Aliinua mkono kama anavyofanya mpakani. Sijui kama alijua ni mimi niliyemfikisha pale. Kama anajua, basi alinisalimia akijua.

28 Mei

Kandida hasemi.

29 Mei

Hasemi.

1 Juni, Jumapili

Nilimpelekea chumvi nyingi, kiganja kizima. Aliitazama akageuza uso. Nilisikia furaha na hofu kwa pamoja. Sikujua tena mdomo wake umefungwa na nini, na sina haki ya kuufungua.

Baada ya Misa nilimpa Mwalimu ufunguo wa kabati. Aliuchukua bila kuniuliza. Amekonda. Nilimwambia, "Mwalimu, ile barua ya shule usiimalize." Alisema, "Niliichana siku ile walipomvusha." Tukasimama wote wawili mlangoni, na nadhani ilikuwa mara ya kwanza sisi kusimama pamoja bila mmoja kutaka kitu kwa mwenzake.

3 Juni

Mpunga wa Babu Hilari unapukutika shambani. Hakuna aliyethubutu kuugusa, watu wanaogopa maji aliyoumwagia, au wanaogopa akida, sijui. Eufrasia na mimi tulikwenda na visu vidogo. Watoto wakatufuata bila kuitwa. Hatukuwa na cha kuwapa, na nilishindwa kuwaambia "vizuri" kwa sababu neno hilo nalo sasa naliogopa. Tulivuna kimya. Mpunga uko ghalani kwetu, umetengwa peke yake.

5 Juni

Tarishi Ponsiano anaondoka kesho alfajiri kwenda Kilosa. Daftari hili litakwenda naye, maana nikikaa nalo zaidi nitaanza kurekebisha. Tayari mara mbili nimetaka kufuta ile habari ya barua na kalamu.

Nakuomba jambo moja, Sista, kabla ya mengine. Mwandikie Bwana wa boma. Yeye atasoma barua yako, ya Mwalimu hataisoma na yangu ataichana. Mwambie mtoto alifundishwa kusema, na aliyemfundisha ni Theodosia, mwanafunzi wako wa darasa la juu, na wala usimtaje Mwalimu Polikarpo. Mwambie kwamba majina yale ni ya wafu, kama unaona itamsaidia mzee. Kama unaona itamdhuru, usiseme. Mimi sijui tena kipi humsaidia mtu na kipi humdhuru. Mambo yote niliyofikiri kwamba nayajua uliniachia kwenye kabati.

Wala sikuandikii haya ili unisifu kwamba nimesema ukweli. Nimejichunguza na sina hakika kwamba sizitaki sifa hizo, kwa hiyo naomba tu usinisifu.

Leo mchana nilikuwa napepeta mpunga wa Babu Hilari. Kandida alikuja akakaa kando yangu, mgongo wake ukigusa mkono wangu. Sikumuuliza kitu. Sikumtazama. Alikaa hivyo mpaka ungo ukaisha, nikajaza mwingine, ndipo akasema, sauti yake ikiwa nzito kwa kukaa bila kutumika:

"Babu atarudi lini?"

Hakunyosha kiganja. Alikuwa anautazama mpunga. Tangu nimjue, ndilo jambo la kwanza alilotaka kulijua yeye mwenyewe. Nilisema nitakuuliza wewe.

Sista, Ponsiano atangoja jibu lako siku mbili Kilosa kabla ya kurudi huku. Nimwambie mtoto nini?